Kupima elementi katika maganda ya gesi ya nyota zinazokufa: mwongozo kamili, kuanzia spektra hadi namba za mwisho

Nyota yenye uzito wa kati ya 0.8 na 8 ya uzito wa Jua haimalizi maisha yake kwa mlipuko. Inavimba, inamwaga matabaka yake ya nje taratibu, hadi kiini cha moto kinabaki wazi. Kiini hicho, chenye joto la kuanzia karibu 30,000 K hadi hata 200,000 K, kinaipiga gesi kwa mionzi ya urujuanimno na gesi inawaka. Ganda hilo linaitwa nebula ya sayari. Jina lilitoka kwa William Herschel miaka ya 1780, naye alilitoa kwa sababu ya umbo tu, sayari hazihusiki. Ganda hutanuka kwa kilomita 20 hadi 30 kila sekunde na baada ya miaka elfu kumi au ishirini hivi hufifia na kutawanyika.

Ndani ya gesi hiyo kuna vitu vya aina mbili vilivyochanganyika. Heliamu, naitrojeni na kaboni vimeongezwa na nyota yenyewe, vimepikwa ndani na kuzolewa hadi juu. Oksijeni, neoni, agoni na klorini, kwa sehemu kubwa, ni urithi: vinaonyesha wingu ambalo nyota ilizaliwa nalo mamilioni au mabilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana kipimo kizuri cha nebula moja kinakupa habari mbili, ya nyota na ya mahali ilipozaliwa.

Ugumu wote wa kazi hii umekaa kwenye mstari mmoja hafifu wa oksijeni katika spektra (mwanga wa gesi uliotawanywa kwa rangi zake), wenye urefu wa wimbi wa angstromu 4363; angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Ukiupima vizuri, mengine yanafuata. Ukiukosea, kosa hilo litaenea hadi kwenye karibu kila elementi itakayotoka mwishoni. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuulinda mstari huo.

Kwa nini mstari hafifu una nguvu hivi

Tarehe 29 Agosti 1864 William Huggins alielekeza spektroskopu yake kwenye nebula NGC 6543. Badala ya upinde wa rangi uliokamilika aliona mistari michache angavu. Miwili kati ya ile ya kijani haikulingana na elementi yoyote iliyojulikana, ikapewa elementi ya kubuni, "nebuliamu". Mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, O⁺⁺. Mistari hiyo, 4959 na 5007, huitwa mistari iliyokatazwa kwa sababu ioni (atomu iliyopoteza elektroni) hukaa katika hali ya msisimko zaidi ya nusu dakika kabla ya kutoa fotoni. Katika gesi nzito ya maabara ioni ingegongwa mara nyingi sana ndani ya muda huo. Katika nebula, yenye elektroni mia chache hadi elfu kumi hivi kwa kila sentimita ya ujazo, inapata nafasi ya kung'aa.

Ili O⁺⁺ itoe 5007, elektroni inayoigonga lazima iipe nishati ya elektroni-volti (eV) 2.5 hivi. Ili itoe 4363 inahitaji eV 5.35. Elektroni zenye nishati hiyo kubwa ni chache, na idadi yake hupanda haraka gesi inapokuwa moto zaidi. Kwa hiyo uwiano wa mistari hii ni kipimajoto. Tunakihitaji kwa sababu mwangaza wa 5007 wenyewe hupanda ama oksijeni ikiwa nyingi, ama gesi ikiwa moto. Bila halijoto huwezi kutofautisha sababu hizo mbili.

Hatua ya 1: Chagua nebula inayofaa

Kwa mara ya kwanza chukua nebula ndogo, angavu, ambayo wengine wameshaipima, ili uwe na pa kujilinganisha. NGC 7009, NGC 3242, NGC 7662, NGC 6210 na NGC 6572 zote zinafaa. IC 418 ni nzuri kwa kujifunza nebula yenye mionizo ya chini (atomu zake zimepoteza elektroni chache), ambayo haina mstari wa heliamu, He II 4686, wa kusumbua. NGC 6302 na NGC 2440 ziache za baadaye: zina ioni za juu sana na hesabu zake ni ngumu. M57 inavutia machoni, lakini mwanga wake umetandazwa juu ya eneo kubwa, na 4363 inakuwa hafifu kwa kila pikseli.

Kama huna darubini, hifadhi za data za vituo vikubwa, ikiwemo ya ESO (European Southern Observatory), zina spektra za nebula hizi zilizo wazi kwa umma. Katalogi ya HASH, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Hong Kong, inakusaidia kujua kipi ni nebula ya sayari ya kweli na kipi kimeingizwa kwenye orodha kimakosa.

Hatua ya 2: Chukua spektra

Unahitaji spektrografu inayofunika angalau angstromu 3700 hadi 6750, na ikiwezekana ifike 7400. Upana wa mstari mmoja usizidi angstromu 3. Sababu ni hii: taa za barabarani za zebaki hutoa mstari wa 4358.3, karibu angstromu 5 tu kutoka 4363. Spektrografu yenye mistari minene itaichanganya miwili hiyo, nawe utapata halijoto ya juu isiyokuwepo. Upande wa pili wa 4358 upo mstari wa hidrojeni, Hγ, kwenye 4340, na mkia wake nao hupanda juu ya 4363 ikiwa lenzi hazijalengwa sawasawa.

Mwanya wa spektrografu uweke upana wa sekunde 1.5 hadi 2 za tao, upite kwenye sehemu angavu ya ganda na ukwepe nyota ya katikati. Nyota hiyo huongeza mwanga usiohitajika, na baadhi yake zina mistari yao mipana inayoangukia juu ya 4686.

Uelekeze mwanya wima kuelekea juu ya anga, yaani kwenye pembe ya paralaksi. Hewa hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Nebula ikiwa chini kiasi cha kupita kwenye unene wa hewa mara 1.5, picha yake ya 3727 na ile ya 6563 huachana kwa karibu sekunde 2 za tao, ambao ndio upana wa mwanya wenyewe. Mwanya ukiwa umelala upande, unapima sehemu mbili tofauti za nebula na kuzilinganisha kana kwamba ni moja. Kosa hili halionekani kwenye picha na haliondoki kwa hesabu yoyote baadaye.

Kuhusu muda wa kupiga: 5007 inaweza kuwa mara 100 hadi 250 ya 4363, na picha moja haiwezi kubeba yote mawili. Piga fupi za sekunde 10, 30 na 60, halafu ndefu tatu au zaidi za dakika 15 hadi 20 kila moja. Katika picha fupi hakikisha kilele cha 5007 hakizidi 70% ya uwezo wa pikseli. Katika ndefu, 5007 itajaa na kumwagika. Hilo si tatizo, mradi usiitumie. Kinachotakiwa huko ni 4363 kuwa na ishara angalau mara 20 ya kelele.

Usiku huohuo chukua pia:

- picha za msingi zisizo na muda, 20 au zaidi, na picha bapa za taa ya ndani;
- taa ya ulinganishi (heliamu-neoni-agoni, au shaba-agoni) kabla na baada ya nebula, darubini ikiwa palepale;
- nyota mbili au tatu za rejea za fluksi (kiasi cha mwanga unaotufikia), kama Feige 34, Feige 110, BD+28 4211 au G191-B2B, kwa mwanya mpana wa sekunde 5 hadi 10;
- picha ya anga tupu mbali na nebula, kama ganda linajaza urefu wote wa mwanya.

Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Nebula nyingi zina wingu hafifu la nje ambalo hulioni kwenye picha ya kawaida. Ukichukua "anga" kutoka pembeni mwa mwanya, unatoa nebula kutoka kwenye nebula, na mistari ya ioni za chini ndiyo inayoumia zaidi.

Hatua ya 3: Safisha data

Toa picha za msingi, gawanya kwa bapa, ondoa alama za miale ya anga za juu. Hapa kuna mtego: programu za kuondoa miale hiyo huona mstari mwembamba na angavu kama 5007 wa picha fupi na kuudhania mwale, kisha hukata kilele chake. Baada ya kusafisha, toa picha safi kutoka kwenye picha ghafi na uangalie kilichoondolewa. Ukiona mabaki mahali pa mistari ya nebula, punguza ukali wa programu.

Linganisha urefu wa mawimbi kwa polinomia ya daraja la 3 hadi 5. Mabaki yakizidi angstromu 0.3 kuna mstari wa taa uliotambuliwa vibaya. Kisha geuza hesabu za pikseli kuwa fluksi kwa kutumia nyota za rejea. Upande wa buluu chini ya 3900 ndiko mambo huharibika: kamera haioni vizuri na hewa inanyonya sana. Upande mwekundu zaidi ya 7000, kama grating yako (kioo chenye mistari kinachotawanya rangi) haina kichujio cha kuzuia mwanga wa mpangilio wa pili, 3727 itajitokeza tena kwenye 7454 kama mzimu, na mwanga wa buluu wa nyota ya rejea utaharibu fluksi ya upande huo wote.

Hatua ya 4: Pima mistari

Pima fluksi ya kila mstari kwa kuulinganisha na umbo la kengele la Gauss, ukichora kwanza usawa wa mwanga ulio chini yake pande zote mbili. Andika kila kitu ukiweka Hβ = 100. Mistari ya lazima ni hii:

- hidrojeni: 4102 (Hδ), 4340 (Hγ), 4861 (Hβ), 6563 (Hα)
- heliamu: 4471, 5876, 6678, na He II 4686
- oksijeni: 3727 (jozi ya 3726 na 3729), 4363, 4959, 5007
- naitrojeni: 5755, 6548, 6583
- salfa: 6312, 6716, 6731
- neoni: 3869
- agoni: 4711, 4740, na 7136 kama spektra yako inafika huko
- klorini: 5518, 5538

Kabla ya kuendelea, fanya majaribio mawili ambayo asili yenyewe inakupa bure. Uwiano wa 5007 kwa 4959 umewekwa na fizikia ya atomu na lazima uwe karibu 2.98. Ukipata 2.6, 5007 imejaa hata kwenye picha fupi. Uwiano wa 6583 kwa 6548 uwe karibu 3. Ukiwa tofauti, hujaitenganisha vizuri na Hα iliyo katikati yao.

Angalia pia mistari inayojificha chini ya mingine. He II ina mstari kwenye 4859 chini ya Hβ, na mwingine kwenye 6560 chini ya Hα. Ule wa kwanza ni karibu 5% ya 4686, wa pili karibu 13%. Kama 4686 ni hafifu, ipuuze miwili hiyo. Kama ni 50 au zaidi kwa kipimo cha Hβ = 100, toa michango yake. Agoni 4711 ina He I 4713 ubavuni. Neoni 3968 imechanganyika na hidrojeni 3970, kwa hiyo tumia 3869 peke yake.

Mstari wenye ishara chini ya mara 6 ya kelele usiuamini kwa namba yake. Kwa mistari hafifu, kelele inayouinua mstari huonekana kama mstari, na inayouzamisha humfanya mpimaji aseme "haupo". Matokeo yake, vipimo vinavyoandikwa hupendelea upande wa juu.

Hatua ya 5: Ondoa athari ya vumbi

Vumbi kati yetu na nebula hufifisha buluu zaidi ya nyekundu. Hidrojeni hutuambia ni kiasi gani, kwa kuwa uwiano wake wa asili unajulikana: kwa 10,000 K, Hα/Hβ ni 2.86, Hγ/Hβ ni 0.468, Hδ/Hβ ni 0.259.

Tuchukue mfano wa namba tulizozitunga, tutembee nao hadi mwisho. Umepima Hα = 450 kwa Hβ = 100. Kiasi cha ufifishaji, c, ni:

c = log(4.50 ÷ 2.86) ÷ 0.30 = 0.197 ÷ 0.30 = 0.66

Ile 0.30 inatoka kwenye mkunjo wa ufifishaji wa Cardelli, Clayton na Mathis (1989) kwa R = 3.1, thamani ya kawaida ya vumbi la galaksi yetu. Kisha kila mstari unarekebishwa kwa kuzidisha na 10 kwa kipeo cha c × f, ambapo f ni +0.32 kwa 3727, +0.15 kwa 4363, −0.036 kwa 5007 na −0.30 kwa 6563.

Uliona 5007 = 1050 na 4363 = 6.0. Baada ya kurekebisha, 5007 inakuwa 994 na 4363 inakuwa 7.5. Mstari wetu mdogo umepanda kwa robo nzima.

Sasa rudia hesabu ya c kwa Hγ na Hδ. Zikikupa c inayokaribiana, endelea kwa amani. Hα ikisema 0.66 na Hγ ikisema 0.3, si vumbi lililobadilika. Ulinganishi wako wa fluksi upande wa buluu umekosea. Rudi Hatua ya 3. Wengine huchukua wastani wa c hizo mbili na kusonga mbele. Usifanye hivyo, kwa sababu kosa linabaki palepale ila sasa limefichwa.

Hatua ya 6: Msongamano, kisha halijoto

Msongamano wa elektroni unatoka kwenye salfa, 6716 kwa 6731. Uwiano huu huanzia karibu 1.44 gesi ikiwa nyepesi sana na kushuka hadi 0.44 ikiwa nzito. Mfano wetu una 0.60, yaani karibu elektroni 3,000 kwa sentimita ya ujazo. Karibu na mipaka hiyo miwili kipimo hakina maana: tofauti ndogo ya uwiano inageuka tofauti kubwa mno ya msongamano. Ukikaribia 0.5, hamia klorini (5518 na 5538) au agoni (4711 na 4740), ambazo huvumilia gesi nzito zaidi.

Halijoto (T) sasa; n ni msongamano wa elektroni. Jumla ya 4959 (yaani 994 ÷ 2.98 = 334) na 5007 ni 334 + 994 = 1328. Gawanya kwa 7.5, unapata 177. Kanuni inasema:

(4959 + 5007) ÷ 4363 = 7.90 × exp(32,900 ÷ T) ÷ (1 + 0.00045 × n ÷ √T)

Kwa n = 3,000 jibu ni T = 10,550 K hivi.

Jaribu kuona kingetokea nini kama ungeisahau Hatua ya 5. Uwiano ungekuwa 234 na halijoto 9,700 K. Tofauti ya nyuzi 850 inaonekana ndogo. Lakini O⁺⁺ iliyohesabiwa kwa halijoto hiyo ingetoka 40% juu ya thamani yake. Kwa jumla, karibu na 10,500 K, kosa la 10% kwenye 4363 huleta kosa la 3% kwenye halijoto na 9% kwenye O⁺⁺.

Nebula haina joto moja. Ioni za chini hukaa nje zaidi, na kipimajoto chao ni naitrojeni: 6548 na 6583 kwa 5755. Tumia joto la naitrojeni kwa O⁺, N⁺ na S⁺. Tumia joto la oksijeni kwa O⁺⁺, Ne⁺⁺ na Ar⁺⁺. Katika mfano tuseme joto la naitrojeni ni 10,000 K. Kwenye nebula zenye mionizo ya juu, sehemu ya 5755 hutoka kwa N⁺⁺ inayodaka elektroni, si kwa migongano, hivyo joto la naitrojeni linalozidi la oksijeni kwa nyuzi elfu kadhaa ulishuku kwanza.

Kazi hii yote inafanywa kwa urahisi na PyNeb, maktaba ya Python ya Luridiana, Morisset na Shaw. Baada ya `import pyneb as pn`, amri mbili zinatosha kuanza:

`O3 = pn.Atom('O', 3)`
`O3.getTemDen(177, den=3000, to_eval='(L(4959)+L(5007))/L(4363)')`

Angalia hiyo 3: ni namba ya spektra, O III, na maana yake ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Anayeandika 2 akifikiria "chaji mbili" anapata ioni nyingine kabisa. Kwa data za atomu zilizo mpya, jibu la PyNeb linaweza kutofautiana kidogo na la kanuni ya hapo juu; andika ni seti ipi ya data umetumia.

Hatua ya 7: Wingi wa kila ioni

Kwa O⁺⁺, kanuni ya Izotov na wenzake (2006), ambapo t ni halijoto kwa maelfu kumi ya Kelvini na I ni mwangaza kwa Hβ = 1:

12 + log(O⁺⁺/H⁺) = log I(4959+5007) + 6.200 + 1.251/t − 0.55 log t − 0.014 t

Kwa t = 1.055 na I = 13.28 unapata 8.48, yaani O⁺⁺/H⁺ = 3.03 × 10⁻⁴. Kwa 3727, tuseme imerekebishwa kuwa 45. Kanuni ya O⁺ kutoka kwa watafiti haohao, kwa 10,000 K na n = 3,000, inatoa 7.40, au 2.53 × 10⁻⁵. Mistari ya naitrojeni 6548 na 6583 ikiwa jumla 80, N⁺/H⁺ ni 1.19 × 10⁻⁵.

O⁺ ni nyeti kwa msongamano kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu 3727 huzimika gesi inapokuwa nzito. Ukikosea msongamano, O⁺ inakosea, na kupitia O⁺ naitrojeni nayo inakosea.

Heliamu haina haja ya kipimajoto kikali, kwa kuwa mistari yake hutokana na ioni kudaka elektroni. He⁺⁺/H⁺ ni mwangaza wa 4686 (kwa Hβ = 1) mara 0.084 hivi, 4686 ikiwa 12, jibu ni 0.010. Kwa He⁺ tumia 4471, 5876 na 6678 pamoja, ukirekebisha mchango wa migongano, ambao kwa 5876 katika gesi nzito unaweza kufika asilimia kadhaa. Tuseme umepata 0.095. Jumla ya heliamu ni 0.105.

Hatua ya 8: Kutoka ioni hadi elementi

Mistari unayoiona si ya ioni zote zilizopo. O⁺⁺⁺, kwa mfano, haina mstari unaofaa katika mwanga wa macho. Kwa hiyo tunazidisha na kigezo cha kurekebisha ioni. Kile cha oksijeni cha Kingsburgh na Barlow (1994) kinatumia heliamu kama shahidi: (jumla ya heliamu ÷ He⁺) kwa kipeo cha 2/3. Kwetu ni (0.105 ÷ 0.095)^(2/3) = 1.07. Hivyo O/H = 3.28 × 10⁻⁴ × 1.07 = 3.5 × 10⁻⁴, na kwa kipimo cha 12 + log ni 8.55. Jua lina 8.69.

Naitrojeni huhesabiwa kwa kudhani N/O = N⁺/O⁺. Kwetu ni 0.47, na N/H inatoka 8.22. Lakini O⁺ ni karibu 7% tu ya oksijeni yote hapa; umeiona sehemu ndogo ya naitrojeni ukaikuza mara 14. Ndiyo sababu kwa nebula zenye mionizo ya juu vigezo vya Delgado-Inglada, Morisset na Stasińska (2014), ambavyo vilijengwa kwa modeli nyingi za kompyuta na vinatoa kiwango cha shaka yake, vinafaa kulinganishwa na vya zamani.

Neoni ni rahisi: Ne/O = Ne⁺⁺/O⁺⁺, mradi ioni za O⁺⁺ ziwe ndizo nyingi. Salfa inasumbua. Nebula nyingi za sayari huonyesha salfa pungufu kuliko oksijeni yake inavyotaka, na Henry, Kwitter na Balick walilieleza jambo hilo mwaka 2004. Ukipata salfa ndogo, usikimbilie kulaumu kipimo chako. Kaboni haina mistari ya migongano yenye nguvu katika mwanga wa macho. 1907 na 1909 ziko kwenye urujuanimno na zinahitaji darubini ya angani. Chuma usikitafute humu kama kipimo cha umetali (wingi wa elementi nzito): sehemu kubwa yake imeganda kwenye vumbi.

Hatua ya 9: Kiwango cha shaka

Makosa hapa hayajumuishwi kwa kanuni rahisi, kwa kuwa 4363 inaingia kila mahali. Tumia njia ya bahati nasibu: chukua fluksi zote, ziyumbishe ndani ya shaka zake, kisha rudia hesabu nzima kuanzia c hadi N/O, mara 1,000 au zaidi. Andika thamani ya katikati na mipaka ya 16% na 84%. Ni muhimu c ihesabiwe upya kila mara. Ukiigandisha, shaka ya mwisho itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuzisoma namba

N/O ya 0.47 na He/H ya 0.105 zinaelekeza kwenye nyota ya uzito wa wastani. Kwa kigezo cha Kingsburgh na Barlow, nebula huitwa ya Aina ya I (yenye naitrojeni nyingi) ikiwa N/O inazidi 0.8, kwa kigezo cha zamani cha Peimbert, mpaka ni N/O karibu 0.5 na He/H 0.125. Mfano wetu uko chini ya yote mawili, lakini N/O yake imeukaribia mpaka wa Peimbert kiasi kwamba shaka ya kawaida ingeweza kuuvusha. Kwa hiyo taja kigezo ulichotumia. Zilizovuka kabisa hutokana na nyota nzito, ambamo chini ya tabaka la nje kulikuwa na moto wa kutosha kugeuza kaboni kuwa naitrojeni.

Kuna jambo moja ambalo halijapata jibu kamili hadi leo, nalo litakukuta ukiwa na spektra nzuri. Oksijeni pia ina mistari hafifu sana inayotokana na ioni kudaka elektroni, kama 4649. Ukihesabu O⁺⁺ kwa mistari hiyo, jibu huwa kubwa kuliko lile la 5007, mara nyingi mara mbili hivi. Kwa NGC 6153 ni karibu mara 10, kwa Hf 2-2 karibu mara 70, na kwa Abell 46 zaidi ya mara 100. Tofauti kubwa hizo zimeonekana sana kwenye nebula ambazo katikati yake kuna nyota mbili zinazozungukana kwa karibu, na maelezo yenye nguvu ni kwamba kuna gesi baridi yenye metali nyingi iliyochanganyika na ile ya kawaida. Ukikuta zaidi ya mara 5, usiunganishe majibu mawili kwa wastani. Yaandike yote, kila moja na mistari iliyolitoa, kisha tafuta kama mwangaza wa nyota ya katikati unabadilika ndani ya saa au siku chache.

Katika jedwali la mwisho weka fluksi ulizoziona kabla ya kurekebisha vumbi, c yako, f ulizotumia, msongamano, halijoto zote mbili, seti ya data za atomu na vigezo vya kurekebisha ioni. Data za atomu hubadilika kila baada ya miaka michache, na mwenye fluksi ghafi anaweza kuhesabu upya kila kitu bila kurudi kwenye darubini.